Uzi: Dar mpaka Tukuyu siku tano na mama, tulisimama kila aliposema simama

Mpita_Njia aliandika:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Mama yangu mzazi kwao ni Tukuyu, kaolewa huku Dar tangu miaka ya themanini. Miaka yote hiyo akienda kwao ni basi, anatoka nyumbani bado giza anafika usiku, na ukimuuliza njiani kuna nini anakwambia kuna mlima Kitonga, basi. Basi lenyewe halisimami, likisimama ni kuchimba dawa dakika tano, watu wazima wanakimbilia vichakani huku konda anapiga bodi la gari twende twende. Na mimi ndo nimekulia mapajani kwake kwenye mabasi hayo hayo. Sasa mwaka huu nikamwambia mama safari hii hupandi basi, nakupeleka mwenyewe, na popote utakaposema simama mi nasimama. Akaniangalia akaniuliza, utaweza?

Tulikuwa wanne, mimi, waifu, binti yetu ana miaka tisa, na mama kakaa mbele. Dar mpaka Mbeya pekee ni zaidi ya kilomita 800 halafu uongeze kushuka Tukuyu, watu wanaipiga siku moja, sisi tulitumia siku tano. Nitaandika kwa vipande maana ni ndefu, mnivumilie.

Siku ya kwanza tulilenga kulala Mikumi. Mpaka Morogoro hakuna la kusimulia, ni malori, tochi za trafiki na wauza maji. Ila Mikumi jamani! Barabara kuu imekatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi, unapita bure, na wanyama wako hapo hapo. Spidi wameibana, matuta yapo, na kuna bango la faini, kila mnyama na bei yake ukimgonga. Tulipita kama saa kumi na moja jioni jua linashuka. Twiga sita wako ukingoni upande wa kushoto, mmoja akaamua kuvuka. Semi mbili zikasimama, basi likasimama, na sisi tukasimama, yeye anavuka mguu mmoja mmoja kama anaipima lami, alipofika katikati akageuza shingo akatutazama wote halafu akaendelea. Kimya kabisa, hakuna aliyepiga honi. Mama akasema taratibu, "kumbe hapa ndo huwa napita nimelala."

Narudi na siku ya pili.

---

Babu_Gia aliandika:

Mkuu nimekaa vizuri kabisa kuusoma huu uzi. Mimi nimeendesha semi Dar Tunduma miaka kumi na moja na nakwambia hiyo barabara naijua kwa harufu, ukiniziba macho nitakwambia hapa tumefika Mafinga kwa harufu ya misonobari.

Nyongeza kwa wanaosoma: Mikumi msipite usiku kama mna uchaguzi. Twiga na pundamilia taa inawashika, macho yanawaka. Tembo ndo shida. Tembo na lami usiku ni rangi moja, humuoni mpaka uone kioo cha mbele kimejaa kijivu. Mimi ilinitokea mara moja tu nikafunga breki mpaka tela likaanza kuja pembeni, Mungu mkubwa. Na nyani msiwatupie ndizi, mnawazoesha kukaa barabarani na kesho yake wanakutwa wamegongwa pale pale walipolishwa.

---

Mama_Pacha aliandika:

Kaka hongera sana kwa kumpeleka mama. Naomba kuuliza, na mtoto wa miaka tisa hakusumbua? Wangu wawili wana saba, kutoka Dar hadi Chalinze tu ni "tumefika?" mara hamsini. Na gari ni kubwa au hizi ndogo zetu?

---

Mpita_Njia aliandika:

Dada gari ndogo tu ya kawaida, sii sii 1500. Barabara kuu ni lami yote. Ukiacha lami kuingia kwenye vivutio ndo unahitaji kwenda pole na uulize wenyeji kama imenyesha.

Mtoto hakusumbua kwa sababu alipewa kazi. Bibi yake alimpa daftari achore kila tuliposimama. Kwa hiyo yeye ndo alikuwa anauliza tunasimama wapi tena.

Haya siku ya pili. Ukitoka Mikumi mjini unaanza kuingia bonde la Ruaha, joto linapanda, na hapo ndo mibuyu inaanza. Sizungumzii mbuyu mmoja au kumi wakuu, ni milima mizima imeota mibuyu kuanzia barabarani mpaka kileleni. Sisi tulipita kiangazi, haina hata jani, imesimama na matawi juu kama watu wanaoomba dua. Mama akasema simama.

Nikatafuta penye nafasi nikatoka kabisa nje ya lami. Mama akashuka na kanga yake, akaenda moja kwa moja kwenye mbuyu mmoja akauwekea kiganja. Akakaa hivyo. Tukajaribu kuuzunguka kwa kushikana mikono wote wanne, hatukufika hata nusu. Ukiuangalia kwa karibu gome lake siyo gumu kama unavyofikiri, ni laini kidogo, linang'aa kama sufuria ya zamani, na lina mikunjo kama ngozi ya kiwiko cha mzee. Halafu kulikuwa na vitundu vimepangana kupanda juu, kimoja baada ya kingine. Kijana mmoja anachunga mbuzi akasogea, akamwamkia mama shikamoo, akatueleza ni vigingi vya warina asali, wanapigilia mti wanapanda kama ngazi, baadaye kigingi kinaoza tundu linabaki na mbuyu unajiponya kuzunguka lile tundu. Binti yangu akaingiza kidole kimoja kikazama chote. Hicho ndo alichochora, hakuchora mbuyu, alichora matundu.

Mbele kidogo ni Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimening'inizwa kwenye nyavu njia nzima rangi ya zambarau. Hapo mama alitawala. Anakishika kitunguu anabonyeza shingoni, kikibonyea anarudisha, kikiwa kigumu anakisugua kwa dole gumba asikie lile ganda la nje linavyolia. Kisicholia hakijakauka, kitaoza kabla hujafika. Tulichukua sado tatu na dada muuzaji akaongeza vitano vya juu akasema hivi vya bibi.

Halafu Kitonga. Gari ilichemka. Nilikuwa sikuangalia maji ya rejeta asubuhi, nikaipandisha nyuma ya lori linalotambaa na AC imewashwa, kwenye kona ya juu mshale umeshafika kwenye nyekundu. Nikapata sehemu imetanuka nikaegesha, nikaweka matawi nyuma, tukasubiri dakika arobaini. Ukisimama pale juu ukageuka nyuma unaliona bonde lote ulilotoka, barabara imejikunja chini kama uzi ulioanguka, malori yanaonekana kama vibiriti. Mama hakuwahi kuona hiyo upande wa nyuma, kwenye basi ukiwa Kitonga unasali macho yamefumba.

---

Babu_Gia aliandika:

Mkuu kuhusu Kitonga niseme kwa nia njema kabisa maana nawapenda. Usisimame Kitonga kama gari haijakulazimisha. Yule dereva wa semi anayepanda hana pa kukukwepea, na anayeshuka breki zake zimeshapata moto. Unataka kuona bonde, maliza mlima, kule juu kuna sehemu pana kabisa, rudi kwa miguu kidogo pembeni ya barabara uangalie. Na gari ndogo kabla ya kupanda simama Mahenge pale chini, fungua boneti, ipumzike, angalia maji, zima AC, panda na gia ndogo. Ikichemka usifungue kifuniko cha rejeta hapo hapo. Nimeshuhudia kijana kaungua uso.

---

Mnyalu_Halisi aliandika:

Kamwene! Mimi ni wa Iringa, nimesoma hadi hapo roho imeniuma kidogo, kaka umepita Ilula hujasema habari za nyanya, haya hilo nakusamehe. Ila umepita LUGALO?

Kama kilomita 25 kabla ya kuingia Iringa mjini ukitokea Moro kuna mnara pembeni ya barabara. Watu wanaupita kila siku spidi 80. Pale ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipolivamia jeshi la Wajerumani likiwa limejipanga mstari mrefu porini, wakammaliza na kamanda wao Emil von Zelewski, yule ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Kwa mikuki, dhidi ya bunduki na mizinga. Kilichowashinda Wajerumani pale ni ule mstari, ukiwa umejipanga mmoja nyuma ya mwenzio kwenye kichaka huwezi kupanga silaha, wenzetu wakatokea ubavuni wameshafika.

Miaka mitatu baadaye, mwisho wa Oktoba 1894, Wajerumani wakarudi wakaivunja ngome ya Kalenga, na Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake wakakichukua. Na hili watu wengi hawalijui, fuvu lake limetajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza Vita ya Kwanza ya Dunia, kifungu cha 246, Ujerumani iliagizwa ilirudishe ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954. Lipo Kalenga, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, kwenye kioo, unaingia unaliona. Babu yangu alinipeleka nikiwa darasa la nne na akavua kofia mlangoni. Mpaka leo nikiingia pale navua.

Kaka ukirudi simama Lugalo. Dakika kumi tu.

---

Mpita_Njia aliandika:

Mkuu Mnyalu nimekuelewa kabisa, na nikiri kwamba wakati wa kwenda tuliupita kwa sababu nilikuwa nawaza rejeta. Ila wakati wa kurudi waifu akaona, tukasimama. Hakuna kelele pale, ni nyasi na upepo. Sikujua hiyo ya Versailles, nimemsomea mama hapa akasema "miezi sita wamefanya miaka thelathini na mitano".

Iringa tulilala, asubuhi tukapanda Gangilonga. Ni jiwe kubwa juu ya mji, jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wanasimulia Mkwawa alikuwa anakwenda pale kutafakari na jiwe likamnong'oneza kwamba Wajerumani wanakuja. Mama alipanda pole pole kashika mkono wa mjukuu, sehemu ya mwisho alikaa akapanda kwa kusogea. Pale juu mji wote uko miguuni mwako. Binti akaweka sikio kwenye jiwe muda mrefu. Hakutuambia kasikia nini na hatukumuuliza.

Sasa Isimila. Wakuu hii ndo iliyonifanya nianzishe uzi. Unatoka Iringa kuelekea Mbeya kama kilomita 20, kibao kipo, unaacha lami kidogo tu. Nimepita kile kibao tangu mtoto nikidhani ni shule.

Kwanza wanakuonyesha mawe. Yako chini ya kibanda, yamelala pale pale yalipokutwa, zana za mawe za watu wa kale, na vipimo vya watafiti vilikuja karibu miaka 260,000. Mtunzaji akatupa moja tushike. Umbo lake ni kama tone la maji, pana chini limechongoka juu, na makali pande mbili yamepigwa vipande vipande kwa kugonga jiwe kwa jiwe. Jingine ni kubwa mpaka unaliinua kwa mikono miwili. Mama akalichukua lile dogo, akaligeuza, akalitia kiganjani likakaa. Vidole vyake vikapata sehemu zake kabisa, dole gumba hapa, vinne huku. Akafanya kama anakata kitu. Akasema, "huyu aliyechonga alikuwa anatumia mkono wa kulia kama mimi." Mtunzaji alitabasamu akasema bibi wewe umeelewa haraka.

Halafu unatembea unashuka korongoni, na ghafla uko katikati ya nguzo za udongo, ndefu kuliko nyumba, nyekundu, nyingine nyeupe kwa juu, zimesimama zenyewe kama minara. Ni kimya. Ndege tu. Sikuwa najua Tanzania ina sehemu ya namna ile kilomita chache kutoka barabara ninayoipita kila Krismasi.

---

Mwl_Jiografia aliandika:

Nimefurahi umeitendea haki Isimila. Nafundisha sekondari na nimepeleka wanafunzi pale mara tatu. Niongeze kidogo.

Eneo lile lilikuwa ziwa dogo, halina kina. Watu na wanyama walikuwa wanakuja kunywa, na ndiyo maana zana zimejaa. Mabaki ya mifupa yamepatikana pia, akiwemo kiboko wa aina iliyotoweka ambaye macho yake yalikuwa yamechomoza juu ya kichwa, anaona nje ya maji huku kajificha wote. Ziwa likakauka, tope likafunikwa, baadaye mto ukakata tena mle mle ukayafukua. Aliyegundua mwaka 1951 alikuwa mwanafunzi wa shule, hili huwa nalirudia sana darasani, na uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958.

Zile nguzo ni kazi ya mvua na maji. Tabaka la juu ni gumu kuliko la chini, pale ambapo lile gumu limebaki kama kofia udongo wa chini yake umelindwa, pembeni pote umeliwa. Kofia ikianguka nguzo nayo imeanza safari ya kuisha. Kwa hiyo tafadhali wazazi, watoto wasipande na wasichonge majina. Nimekuta majina pale mpaka machozi yakanilenga.

---

Mama_Pacha aliandika:

Jamani mimi nimepita Iringa harusini mwaka juzi nimelala hoteli siku tatu naangalia TV!! Kaka endelea, naandika kila kitu hapa.

---

Mpita_Njia aliandika:

Siku ya nne tulishafika Mbeya, nikawaomba tuongeze, tukaenda Mbozi. Hii siyo njia ya Tukuyu, ni ya kwenda Tunduma, mkoa wa Songwe sa hivi, kama kilomita 65 kutoka Mbeya mjini. Nilitaka binti aone kimondo, lile bonge lililoanguka kutoka angani.

Kiko kijiji cha Ndolezi kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Ni bonge la chuma lenye urefu wa karibu mita tatu, uzito wanakadiria tani 16, asilimia 90 chuma na karibu tisa nikeli. Kilipotambuliwa na wataalamu 1930 sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa, wakachimba kukizunguka wakaacha nguzo ya udongo chini yake ndo wakaitengeneza kuwa jukwaa, kwa hiyo hakijahamishwa, kipo pale pale. Hakuna shimo kubwa la kuonyesha kilivyotua, kimeanguka zamani mno mpaka ardhi imeshasahau.

Ukikigusa, jua la saa saba, ni cha moto kama bati. Uso wake una mabonde mabonde kama mtu kabonyeza unga kwa dole gumba. Ncha moja ina alama za watu waliojaribu kuvunja vipande waondoke navyo, na upande mwingine kuna sehemu imekatwa laini, hiyo ni ya mtaalamu wa miamba aliyekata kipande cha sentimita kumi hivi mwaka 1930 kwa msumeno wa chuma wa kawaida, akatumia saa kumi. Saa kumi! Nilimwambia mama, akagonga kwa pete yake ya ndoa, ting. Siyo sauti ya jiwe kabisa. Ni kengele.

Binti akauliza kimetoka wapi. Mama akamjibu kabla yangu, "kimetoka mbali kuliko sisi, na chenyewe kimechoka, kiache kipumzike."

---

Jakisumu aliandika:

Sasa ndugu zangu wa TZ, mimi ni Mkenya na huu uzi umenifanya nione aibu ya vile mimi hukimbia Nairobi Kisumu bila kuangalia nje. Wacha niongeze zangu.

Mkishuka escarpment kuelekea Mai Mahiu kuna kanisa dogo sana pembeni ya barabara, lilijengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza hiyo barabara. Watu kumi na wawili hivi wakiingia limejaa. Ukiwa ndani unasikia malori nje yakishika breki, na bado kuna utulivu, sijui niseme vipi.

Ukitoka Kisumu kuelekea Kakamega kuna jiwe la Ilesi, mwamba mrefu sana wenye kichwa juu na mfereji katikati ya uso wake, maji yanatiririka kama mtu analia. Halafu njia ya Bondo kuna Kit Mikayi, mawe makubwa yamepandana, maana yake jiwe la mke wa kwanza. Hadithi tuliyopewa na nyanya yangu ni kwamba mzee alikuwa akiamka kila siku anaenda kukaa kule mapangoni, watu wakimuuliza mkewe mzee yuko wapi anasema ameenda kwa mke wake wa kwanza. Mpaka leo watu huenda huko kuomba, kwa hivyo ukiingia punguza sauti. Na ukipita Maseno kwenye barabara ya Busia unavuka ikweta, alama ipo, watu wengi wako kwa simu.

---

Kona_ya_Kolo aliandika:

Na sisi wa kati msitusahau. Njia ya Dodoma kwenda Babati sasa ni lami, ukipita Kondoa kuna Kolo, michoro ya miambani ambayo iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Miamba yenye michoro imepita 150. Unaripoti pale ofisini kwenye kijiji, unapewa wa kukuongoza, unapanda mlima. Watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, wembamba, warefu, wana nywele kama uyoga. Mpeleke bibi na mjukuu wake na lile daftari.

---

Binti_Rungwe aliandika:

Kaka shikamoo kwa mama. Umepita Chimala hukupanda Matamba??? Pale kuna barabara inaitwa Hamsini na Saba, ni kona 57, unazihesabu kwa mdomo hadi juu, na kila kona bonde la Usangu linazidi kutanuka chini. Juu huko ndiko Kitulo, wenyeji tunaita Bustani ya Mungu, hifadhi tangu 2005, yaani hifadhi ya maua. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ni maua mpaka upeo, okidi zake tu aina zaidi ya arobaini. Nikiwa mdogo watu walikuwa wanachimba vile viazi vya okidi wanauza kwenda Zambia vinatengenezwa chikanda, chakula cha kule, gunia kwa gunia, mpaka maeneo mengine yakabaki mashimo. Ndo nashukuru ikawa hifadhi.

Gari ndogo wakati wa mvua usijaribu, tafuta ya four wheel na dereva wa kule kule.

---

Mpita_Njia aliandika:

Dada Binti Rungwe mama anasema "ndaga fijo", yaani asante sana, na anauliza wewe ni wa kwa nani huko.

Namalizia. Siku ya tano tukatoka Mbeya, Uyole tukakata kulia kushuka Tukuyu. Wanaoijua hiyo barabara wanajua, kuna dakika moja hewa inabadilika, kijani kinakuja kama mtu kafungua pazia, migomba, chai, maparachichi ndoo ndoo barabarani, na mlima Rungwe umevaa wingu. Mama akanyamaza kabisa. Kabla ya Tukuyu, pale Kibwe, akasema kata hapo. Nikamuuliza kuna nini? Akasema wewe kata.

Alikuwa ananipeleka Daraja la Mungu. Mto Kiwira unapita chini ya upinde wa mwamba wa volkano, umejenga wenyewe, lava iliposhuka ikapoa juu na maji yakaendelea kutoboa chini. Limeota miti na majani juu, usipoambiwa hujui uko darajani. Ukisimama pembeni ukachungulia unaona maji ya kijani yanaingia gizani na kutokea upande wa pili yana povu.

Mimi miaka yote najua lipo, sikuwahi kufika. Mama akatwambia alikuwa anapita juu yake akiwa na umri wa binti yangu, ametumwa chumvi, na walikuwa wanashindana kutupa jani upande huu na kukimbilia upande wa pili kuona la nani limetoka kwanza. Akachuma majani mawili ya mgomba pori, akayachana membamba, akampa mjukuu moja. Wakatupa. Wakakimbia, mama yangu ana miaka 68 na magoti mabovu, wakakimbia.

La mama lilitoka kwanza.

Kijungu hatukufika, kipo mbele kidogo, mto unazama kwenye tundu la mwamba kama chungu kinachochemka, kipo eneo la chuo cha magereza kwa hiyo unajiandikisha getini kwanza, na sisi mvua ikashuka. Tukaenda nyumbani tukakuta mbalaga, zile ndizi za kupika, jikoni.

---

Mama_Pacha aliandika:

Kaka umeniliza kwenye hayo majani. Viingilio je, na mlilala wapi? Nataka kumpeleka mama mkwe Juni.

---

Mpita_Njia aliandika:

Viingilio vinabadilika dada, uliza pale pale getini, lakini vya wazawa havikunishtua hata kimoja. Beba keshi na simu yenye salio, vyote viwili. Kulala tulilala gesti za kawaida, Mikumi, Iringa, Mbeya, tunafika kabla ya giza tunaangalia chumba kwanza. Juni Iringa, Mbeya na Tukuyu ni baridi kali, mama mkwe abebe sweta na soksi, usidharau. Na nenda na mto mdogo wa kuweka mgongoni, mama aliusifia kuliko vivutio vingine vyote.

---

Babu_Gia aliandika:

Na maji ya rejeta.

---

Mpita_Njia aliandika:

Na maji ya rejeta mzee wangu, lita tano zipo kwenye buti mpaka leo.

Mama kashanipigia jana, anauliza ile barabara ya kona 57 ya yule binti maua yanaanza mwezi gani. Nimemwambia Desemba. Binti kanunuliwa daftari jipya.

---

Binti_Rungwe aliandika:

Mimi ni wa Isongole kaka, pale pale njia ya kupanda Ziwa Ngozi inapoanzia. Mwambie mama Desemba nipo likizo, nitawasubiri Chimala. Asile kitu kizito kabla ya kona ya kwanza.